Sheria za malipo ya chini kwa madereva wa Uber na Lyft, na vitisho vya kampuni kuondoka: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya huulizwa na madereva Waswahili walioko Marekani, na pia na ndugu zao wa Nairobi na Dar es Salaam wanaofanya kazi hiyohiyo kwa programu za namna hiyo. Mfano mkuu ni Minneapolis, jiji la jimbo la Minnesota. Huko madereva wengi ni wahamiaji kutoka Afrika Mashariki, Wasomali wakiwa wengi zaidi, na huko ndiko tishio la kuondoka lilipofika mbali kuliko kwingi.

Sheria hizi zinataka nini hasa?

Marekani, dereva wa Uber au Lyft hahesabiwi kuwa mwajiriwa. Anahesabiwa mkandarasi anayejitegemea, mwenye biashara yake ndogo: gari lake, bima yake, mafuta yake, tairi zake. Kwa hiyo sheria ya kima cha chini cha mshahara, ile inayomlinda mtu anayeosha vyombo mgahawani, haimgusi. Akishinda barabarani saa kumi na mbili akarudi na dola ambazo zikitolewa mafuta na matengenezo hazifiki mshahara wa mwosha vyombo, sheria ya kawaida haina la kumsaidia.

Sheria za malipo ya chini ya madereva zinaziba pengo hilo kwa njia ya pembeni. Hazisemi kama dereva ni mwajiriwa au si mwajiriwa. Zinasema tu: kampuni ikimpa dereva safari, isimlipe chini ya kiasi fulani. Abiria anatozwa nauli gani, hilo linabaki mikononi mwa kampuni.

Kwa nini wanahesabu maili na dakika, badala ya kuweka dola kadhaa kwa saa?

Kwa sababu saa ya dereva ina vipande vitatu. Kuna muda umewasha programu unasubiri. Kuna muda umekubali safari unamfuata abiria alipo. Na kuna muda abiria yuko ndani ya gari. Kampuni hupenda kuhesabu kipande cha tatu peke yake, au cha pili na cha tatu. Dereva anaishi vyote vitatu.

Ukitaka kuona jambo hili kwa macho, nenda kwenye maegesho ya kusubiria abiria wa uwanja wa ndege, usiku wa Januari. Magari yamejipanga, injini zinaunguruma kwa sababu ukizima unaganda, watu wamefunika miguu kwa mablanketi, simu ziko kwenye vishikio zikionyesha nafasi yako kwenye foleni. Utasikia Kisomali, Kioromo, Kiamhari, na Kiswahili pia. Kila gari pale linachoma mafuta, na kila mtu pale yuko kazini kwa maana yoyote ya maana. Lakini mapato ya dakika hizo ni sifuri.

Basi wanaotunga sheria wana njia mbili. Wanaweza kupandisha bei ya maili na dakika za safari yenyewe ili zibebe gharama ya kusubiri. Au wanaweza kuihesabu kampuni kwa jinsi inavyowatumia madereva: kadiri madereva wanavyokaa bure, ndivyo inavyolazimika kulipa zaidi kwa kila safari. Njia hii ya pili ni ya New York. Kwa hiyo ukisoma sheria yoyote ya namna hii, usianze na tarakimu. Anza kwa kuuliza ni dakika zipi zinazohesabiwa.

Nani alianza?

Jiji la New York. Tume yake ya teksi na magari ya kukodi ilipitisha kanuni Desemba 2018, zikaanza kazi Februari 2019. Lengo lilikuwa dereva abaki na dola 17.22 kwa saa baada ya kutoa gharama. Lyft ilikwenda mahakamani kupinga, ikashindwa.

Seattle ikafuata. Baraza lake lilipitisha kiwango chake mwaka 2020, kikaanza Januari 2021. Machi 2022 jimbo zima la Washington likapitisha sheria, la kwanza nchini kufanya hivyo. Iliandika kwamba dereva wa Seattle alipwe angalau dola 1.38 kwa maili na senti 59 kwa dakika, na wa nje ya Seattle dola 1.17 na senti 34. Viwango hivyo vinarekebishwa kila mwaka. Lakini sheria hiyohiyo iliyaondolea majiji uwezo wa kujitungia sheria zao. Weka jambo hilo akilini, maana litarudi.

Minneapolis ilitokea nini?

Hadithi ni ndefu na inafaa kusimuliwa yote, kwa sababu mengi tunayoambiwa kuhusu vitisho yamo humo.

Madereva walijiunga katika chama chao, MULDA, wakaanza kubisha hodi bungeni na kwenye baraza la jiji. Seneta Omar Fateh na Mbunge Hodan Hassan walibeba muswada katika bunge la jimbo la Minnesota, ukapita Mei 2023. Gavana Tim Walz akaupigia kura ya turufu. Ilikuwa kura yake ya kwanza ya turufu tangu awe gavana, na kwa madereva waliokuwa wamemwona kuwa rafiki wa wafanyakazi iliwachoma sana. Badala yake aliunda kamati na kuagiza utafiti.

Baraza la Jiji la Minneapolis halikusubiri. Agosti 2023 lilipitisha sheria yake, Meya Jacob Frey akaizuia kwa kura ya turufu. Machi 2024 baraza likarudi na sheria mpya: dola 1.40 kwa maili, senti 51 kwa dakika, na safari yoyote isilipwe chini ya dola 5. Meya akaizuia tena. Safari hii, tarehe 14 Machi 2024, baraza liliitengua kura ya meya kwa kura 10 dhidi ya 3.

Siku hiyohiyo kampuni zikasema zinaondoka ifikapo Mei 1. Lyft ilisema itaacha Minneapolis. Uber ilikwenda mbali zaidi: itaondoka eneo zima la majiji pacha, yaani Minneapolis, St. Paul na vitongoji vyake, pamoja na uwanja wa ndege. Eneo hilo ndilo lenye watu wengi zaidi katika jimbo zima. Hofu ikatanda. Watu wenye ulemavu wasioweza kusubiri basi kwenye barafu waliuliza watafikaje hospitali. Wenye baa waliuliza nani atawarudisha walevi nyumbani. Na madereva, ambao sheria ilitungwa kwa ajili yao, waliuliza watalipaje mkopo wa gari mwezi Mei.

Katikati ya hayo utafiti wa jimbo ulikuwa umetoka, siku moja tu baada ya baraza kupiga kura ya kwanza. Uliandikwa na wachumi James Parrott na Michael Reich, walewale waliofanya kazi kama hiyo kwa New York na Seattle. Walisema ili dereva wa eneo la majiji pacha afikie kima cha chini cha Minneapolis, kilichokuwa dola 15.57 kwa saa, baada ya gharama zake, inatosha senti 89 kwa maili na senti 49 kwa dakika. Ukitaka kuongeza fidia ya mambo kama bima ya afya, maili ipande hadi dola 1.21. Meya na kampuni wakaushika utafiti huo wakasema: mnaona, baraza limezidisha. Baraza likajibu kwamba hakuna kosa kwa dereva kupata zaidi ya kima cha chini kabisa.

Aprili, baraza lilisogeza tarehe ya kuanza hadi Julai 1, na kampuni nazo zikasogeza tarehe ya kuondoka. Bunge la jimbo likachukua suala hilo. Mei 18, siku mbili kabla ya kikao kufungwa, makubaliano yakatangazwa: dola 1.28 kwa maili na senti 31 kwa dakika, jimbo zima. Ndani yake kuna bima kwa dereva anayeumia kazini na utaratibu wa kukata rufaa akaunti yako ikifungwa. Gavana alitia saini mwishoni mwa mwezi huo, na malipo mapya yakaanza miezi kadhaa baadaye. Kampuni zilibaki.

Kwa hiyo madereva walishinda au walishindwa?

Walishinda, lakini si walichokuwa wamekishika mkononi mwezi Machi. Chukua kalamu tuhesabu.

Safari ya barabara kuu, tuseme maili 10 kwa dakika 20. Sheria ya baraza ingekulipa dola 24.20. Kiwango cha msingi cha utafiti kingekulipa dola 18.70. Sheria ya jimbo iliyopita inakulipa dola 19.00. Hapo umepata zaidi ya kile wachumi walichosema kinatosha.

Sasa safari ya katikati ya mji saa kumi na moja jioni, maili 3 kwa dakika 15. Sheria ya baraza: dola 11.85. Utafiti: dola 10.02. Sheria ya jimbo: dola 8.49.

Umeona kilichofanyika? Maili ilipandishwa, dakika ikashushwa kutoka senti 49 hadi 31. Ukisikia dola 1.28 unasema wameongeza, na ni kweli kwa anayepeleka watu uwanja wa ndege kutoka vitongojini. Kwa anayekaa kwenye foleni za katikati ya mji, wakati wake umeuzwa rahisi. Mazungumzo ya usiku yale ya Mei yaliishia kwenye senti hizo, na watu wachache sana nje ya chumba kile waliziangalia kwa makini. Mimi naona hapo ndipo dereva alipopunjwa.

Pia kuna kitu kingine ambacho hakina tarakimu. Sheria ya jimbo imeyakataza majiji kutunga viwango vyao. Minneapolis haiwezi tena kurudi kesho ikasema dola 1.40. Kwa kampuni, nadhani hilo lilikuwa na thamani kuliko senti zote zilizobishaniwa.

Kampuni zimewahi kuondoka kweli, au ni maneno tu?

Zimewahi. Asikudanganye mtu kwamba kila tishio ni mkwara.

Austin, Texas, ni mfano unaotajwa zaidi. Mwezi Mei 2016 wapiga kura walikataa pendekezo lililoungwa mkono na kampuni, hivyo sharti la jiji la madereva kuchukuliwa alama za vidole likabaki. Siku chache baadaye Uber na Lyft zilizima programu zao mjini humo. Zilikaa nje mwaka mzima. Kampuni ndogo ziliibuka, moja ikiwa ya shirika lisilotafuta faida, madereva wakaendelea na kazi. Kisha bunge la jimbo la Texas likapitisha sheria moja kwa jimbo zima, Gavana Greg Abbott akaitia saini Mei 2017, sharti la jiji likafa, na kampuni zikarudi siku hiyohiyo.

Uber iliondoka Hungaria mwaka 2016. Mwaka 2017 iliondoka Denmaki, sheria mpya ya teksi ilipotaka magari yawe na mita na vifaa vya kutambua abiria kwenye viti. Na iliondoka kwetu Tanzania mwaka 2022, jambo ambalo lina swali lake hapo chini.

Lakini Quebec, mwaka 2017, Uber ilitangaza tarehe ya kuondoka kwa sababu ya saa za mafunzo zilizotakiwa kwa madereva, tarehe ikafika, ikabaki. California, Agosti 2020, jaji aliamuru madereva watambuliwe kuwa waajiriwa. Kampuni zote mbili zikasema zitazima huduma jimbo zima baada ya siku chache. Saa chache kabla, mahakama ya rufaa ikasimamisha amri hiyo kwa muda. Novemba kampuni zikapeleka suala kwa wapiga kura.

Ukizipanga kesi hizi utaona mwenendo. Tishio la kuondoka huelekezwa kwa jiji, lakini anayelengwa mara nyingi ni jimbo. Jiji likikaza, kampuni inaenda kwa mwenye mamlaka ya juu kuliko jiji na kumwomba sheria moja itakayofunga mdomo wa majiji yote. Austin ilikuwa hivyo, Minneapolis ilikuwa hivyo. Seattle haikuhitaji hata tishio kubwa, maana kampuni na chama cha madereva walikaa meza moja wakaenda kwa jimbo pamoja. Dereva anayejua hivi mapema huanza kuzungumza na wabunge wa jimbo siku ileile anapoanza kuzungumza na madiwani.

Mbona hawakuondoka New York?

Soko lile ni kubwa mno kuliacha. Walitafuta njia nyingine, nayo inauma kwa namna yake.

Kumbuka nilivyosema: kanuni za New York zinaangalia ni sehemu gani ya muda wa dereva ina abiria. Madereva wengi wakikaa bure, kiwango cha malipo kinapanda. Basi kampuni zikaona afadhali zipunguze waliokaa bure kwa kuwafungia. Unawasha programu asubuhi, inakuambia hakuna nafasi, jaribu baadaye au sogea mtaa mwingine. Ilianza mwaka 2019, na mwaka 2024 ilirudi kwa nguvu hadi watu wakawa wanafungiwa katikati ya zamu, kati ya safari moja na nyingine. Kwenye vitabu vya kampuni yule dereva hayuko kazini. Mwenyewe yuko Queens ndani ya gari alilokopea, akibonyeza simu. Mwaka 2025 tume ya jiji ilipitisha kanuni za kubana ufungaji huo.

Ninaeleza haya kwa sababu watu husema sheria ya New York ndiyo bora, na kwa hesabu ni bora kweli. Ila kila kanuni ina mlango wa nyuma, na anayekaa siku nzima na wanasheria na watu wa takwimu ataupata kabla yako.

Si kweli kwamba nauli zitapanda, abiria watapungua, na dereva ataumia mwisho?

Kuna ukweli ndani yake, na dereva anayekataa kuuona anajidhuru. Malipo ya dereva yakipanda, kampuni inaweza kupandisha nauli, na baadhi ya safari fupi zitapotea. Mtu aliyekuwa akilipa dola nane kwenda sokoni atatembea au atasubiri basi.

Ila hoja hiyo huwa inarukia hatua moja. Kati ya anacholipa abiria na anachopata dereva kuna kipande cha kampuni, na kipande hicho hakina ukubwa maalumu tena. Zamani ilikuwa asilimia inayojulikana. Siku hizi nauli na malipo ya dereva vinapangwa mbalimbali na mfumo, safari kwa safari, na dereva anaweza kumpeleka abiria, wakalinganisha simu zao kwa urafiki, akakuta nusu ya hela imebaki njiani. Kwa hiyo mtu akikuambia kiwango cha chini lazima kimwangukie abiria chote, muulize kwa nini kisile kidogo kwenye kile kipande cha katikati.

California na Massachusetts dereva analipwa kwa saa. Hiyo si bora?

Inategemea saa ya nani.

California walipitisha kura ya maoni iitwayo Proposition 22 mwezi Novemba 2020, kwa takriban asilimia 58. Uber, Lyft na kampuni za kupeleka chakula zilitumia zaidi ya dola milioni 200 kuipigia kampeni. Inaahidi asilimia 120 ya kima cha chini cha mshahara, pamoja na senti kadhaa kwa maili, lakini kwa muda wa shughuli tu: kuanzia unapokubali safari hadi abiria anaposhuka. Mahakama ya Juu ya California iliithibitisha Julai 2024.

Massachusetts, Mwanasheria Mkuu Maura Healey alizishtaki kampuni mwaka 2020, na Juni 2024 mrithi wake Andrea Campbell akafikia nazo mapatano: dola milioni 175 kwa jumla, na dola 32.50 kwa saa ya shughuli kuanzia Agosti mwaka huo. Tarakimu hiyo ilisambaa kwenye makundi yetu ya WhatsApp kana kwamba kila dereva wa Boston ametajirika. Tuhesabu. Umewasha programu kwa muda wa saa 10, saa 6 kati yake uko kwenye shughuli. Sita mara 32.50 ni dola 195. Gawa kwa 10, ni dola 19.50 kwa saa, na hapo hujatoa mafuta, bima wala uchakavu wa gari. Bado ni afadhali kuliko kutokuwa na chochote, na Novemba 2024 wapiga kura wa jimbo hilo waliwaruhusu madereva kuunda chama cha wafanyakazi chenye haki ya kujadiliana na kampuni. Lakini usihame mji kwa sababu ya 32.50.

Na Uingereza?

Huko walipita mahakamani. Februari 2021 Mahakama ya Juu iliamua kesi ya Uber dhidi ya Aslam: madereva ni wafanyakazi wenye haki ya kima cha chini na likizo ya malipo, na muda wa kazi unajumuisha muda umewasha programu uko tayari kupokea safari. Uber ilikubali kuwatambua madereva wake kuwa wafanyakazi mwezi uliofuata, ila ikasema itahesabu kuanzia safari inapokubaliwa. Haikuondoka London.

Tanzania na Kenya tuko wapi katika haya?

Huku mzozo ulianzia upande mwingine, kwenye kamisheni.

Tanzania, LATRA, mamlaka ya kudhibiti usafiri ardhini, ilitoa mwongozo Machi 2022 uliopanga nauli elekezi za teksi mtandao na kuweka ukomo wa kamisheni kuwa asilimia 15. Uber ilikuwa ikichukua asilimia 25. Aprili ikasimamisha huduma zake nchini. Bolt nayo, miezi michache baadaye, ilibaki na wateja wa makampuni tu. Madereva wa Dar es Salaam waliokuwa wamechukua magari kwa mkataba, wakipeleka hesabu kwa tajiri kila wiki, walijikuta na gari na hawana abiria. Mwisho wa mwaka LATRA ilirudisha ukomo hadi asilimia 25, na Januari 2023 Uber ikarudi.

Hapa hapakuwa na jimbo la kukimbilia. Mdhibiti wa taifa ndiye aliyekuwa mwisho wa safari, kwa hiyo kampuni ikashindana naye moja kwa moja, na miezi ikapita hadi mmoja akalegeza. Aliyelegeza ni mdhibiti. Ninaamini asilimia 15 ilikuwa nia njema, lakini ilitangazwa bila njia mbadala kwa dereva wa kipindi cha mpito. Hakukuwa na programu ya ndani yenye abiria wa kutosha kuwabeba watu miezi ile.

Kenya, kanuni za NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, za mwaka 2022 ziliweka ukomo wa kamisheni asilimia 18. Kampuni hazikuondoka. Ugomvi ukahamia kwenye ada nyingine zinazoongezwa juu ya kamisheni, na kwenye nauli zenyewe, ambazo dereva wa Nairobi atakuambia zimeshuka hadi hazilipi mafuta. Mwaka 2024 madereva wengi waligoma, kisha wakaanza kumtoza abiria nauli waliyokubaliana wenyewe kwa kufuata viwango vya chama cha magari cha Kenya, Uber ikawaonya. Hata kamisheni ikiwa ndogo, nauli nayo ikiwa ndogo, anachobaki nacho dereva bado ni hela ndogo. Ndiyo sababu mimi napendelea ukomo wa chini wa malipo kwa kilomita kuliko ukomo wa juu wa kamisheni: kilomita huwezi kuipa jina jingine, ada unaweza.

Tishio likitolewa mjini kwetu, dereva afanye nini?

Kwanza, usisaini waraka wowote unaoletwa kwenye programu ukikuomba "uokoe kazi yako" kabla hujasoma sheria yenyewe inasema nini. Kampuni zina njia ya kukufikia kila dakika ukiwa kwenye usukani, na hutumia njia hiyo.

Angalia tishio lina eneo gani na tarehe gani. Anayesema anaacha jiji lakini anabaki uwanja wa ndege hajaondoka kwenye pesa. Tarehe ikisogezwa mara moja, mazungumzo yapo mahali fulani: tafuta yako wapi na nani anawakilisha madereva ndani yake.

Jiandae pia kwa uwezekano kwamba ni kweli. Minneapolis, wakati wa tishio, kampuni kadhaa ndogo ziliomba leseni za jiji. Dereva aliyekuwa na akaunti zaidi ya moja, au wateja wake wa kudumu wa kuwapeleka kazini na kliniki chini ya leseni halali, alikuwa na usingizi kuliko aliyetegemea programu moja. Mikopo ya gari haisubiri baraza.

Na fika kwenye vikao. Minneapolis madereva walijaza ukumbi wa baraza, wengine wakitoka moja kwa moja kwenye zamu ya usiku. Diwani anayejua nyuso hupiga kura tofauti na diwani anayejua takwimu peke yake.

Nitajuaje kama ninalipwa kinachotakiwa?

Kwa aliye Minnesota: chukua mchanganuo wa safari, ambao kampuni inapaswa kukupa, uangalie maili na dakika za kuwa na abiria. Zidisha maili kwa 1.28 na dakika kwa 0.31, jumlisha. Usishtuke safari moja ikiwa chini kidogo, kwa sababu sheria inaruhusu kampuni kukamilisha kiwango ndani ya kipindi kisichozidi siku 14. Jumlisha safari zote za kipindi hicho ndipo ulinganishe. Ukighairiwa ukiwa umeshaanza kumfuata abiria, angalau asilimia 80 ya ada ya kughairi aliyotozwa ni yako.

Kwa majimbo mengine, tafuta viwango vya mwaka huu, si vya mwaka jana, kwa kuwa Washington na New York hurekebisha.

Andika pia maili zako zote, hata za kusubiri na za kurudi bila abiria. Kwa mwaka 2025 mamlaka ya kodi ya Marekani iliruhusu kupunguza senti 70 kwa kila maili ya biashara, na wenzetu wengi wanapoteza pesa hizo kwa kutegemea maili zinazoonyeshwa na programu, ambazo mara nyingi ni za safari tu. Daftari dogo kwenye mlango wa gari linatosha: namba ya kilomita au maili ulipoanza, namba ulipomaliza, tarehe. Ukikuta pungufu kwenye malipo, peleka malalamiko kwa Idara ya Kazi na Viwanda ya Minnesota ukiwa na picha za mchanganuo na daftari hilo. Malalamiko ya mdomo hupokelewa kwa upole na kuishia hapo. Yenye tarehe na hesabu hufunguliwa jalada.